Skafu ya punje: fuma kwa macho, si kwa hesabu

Julai ikiingia, Nakuru huamka na baridi ya kuingia kwenye vidole, na anayepanda matatu kupitia Njoro na Elburgon hadi Molo anajua kwamba sweta peke yake haitoshi. Kuna pale shingoni upepo unapopenyea. Hapo ndipo skafu inapopata kazi yake, na kila anayekuja kwangu kujifunza kufuma namwanzishia skafu moja tu, ile ya punje: kitambaa kilichojaa vijivimbe vidogo, ukikitazama unadhani ni wimbi limeanikwa uani.

Nimeichagua kwa sababu haijikunji pembeni jinsi kitambaa laini cha sweta kinavyojikunja kabla hakijashonwa, tena haina mbele wala nyuma. Upepo ukiipindua, hakuna aibu. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: skafu hii hukulazimisha kukiangalia kitambaa chako. Wengi hujifunza kufuma kwa kukariri mishono miwili ya msingi, "pleni moja, palo moja, pleni moja", kama watoto wa nasari wanavyoimba a-e-i-o-u. Siku mtu akimwita kutoka jikoni katikati ya safu, amepotea. Anayesoma kitambaa kwa macho hapotei hata akiweka kazi chini wiki nzima.

Vifaa

Tafuta uzi wa plai 8, yaani wa unene wa kati, na sindano mbili za milimita 4. Kwenye sindano nyingi tulizorithi kwa mama zetu utakuta namba za zamani za Uingereza, na hizo zinakwenda kinyume: namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Namba 8 ndiyo milimita 4. Namba 10 ni milimita 3.25. Ukimwambia muuzaji "nipe nane" hakikisha mnaelewana, maana sindano ya milimita 8 ni kijiti kinene kabisa, na itakutolea wavu wa kuvulia samaki badala ya skafu.

Wengi wetu tulianza na spoki za baiskeli zilizonolewa kwa kusuguliwa kwenye sementi. Zinafuma, sikatai. Ila spoki ina unene wa kama milimita 2, na ukiitumia kwa uzi wa plai 8 kitambaa kinakuwa kigumu kama zulia la mlangoni, na vidole vitakuuma. Ni bora uchonge vijiti viwili vya mwanzi na kuvilainisha kwa msasa.

Kuhusu uzi, mitaani kila kitu kinaitwa wulu, hata kile cha kusukia nywele. Sehemu kubwa ya hiyo wulu ni akriliki na haijawahi kumwona kondoo. Ukitaka kujua ulichouziwa, kata kipande kidogo na ukiunguze, ukikishika kwa kibanio. Sufu ya kweli hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika. Akriliki huyeyuka na kubaki kama shanga ngumu. Zote mbili zinafaa kwa skafu. Utakachohitaji kujua ni namna ya kuifua, nitafika huko.

Rangi chagua moja, tena iliyo nyepesi: krimu, kijivu cha mvi, manjano ya ndizi. Buluu iliyokolea na marun ya sweta za shule ni rangi nzuri za kuficha uchafu, lakini huficha na punje vilevile, na jioni chini ya balbu hutaona kitu. Uzi wa rangi mchanganyiko nao hula punje zote. Utafanya kazi ya wiki mbili na hakuna atakayejua.

Kwa skafu ya mtoto gramu 100 zinatosha. Ya mtu mzima weka gramu 200, na ununue zote siku moja. Angalia namba ya rangi kwenye karatasi ya kila bunda zifanane, kwa sababu bunda la wiki ijayo linaweza kuwa limepikwa kwenye sufuria nyingine ya rangi, na mstari utaonekana katikati ya skafu.

Kuanzisha vitanzi

Tutafuma ya mtoto kwanza: vitanzi 31, upana wa sentimita 15 hivi. Pima uzi wa sentimita 60 kutoka mwisho wake na ufunge fundo la kuteleza hapo, ulivishe kwenye sindano. Sindano ikae mkono wa kulia pamoja na uzi unaotoka kwenye bunda. Mkia mfupi uzungushe kwenye kidole gumba cha kushoto mara moja. Ingiza ncha ya sindano chini ya uzi ulio mbele ya kidole, ukipandisha juu, zungusha uzi wa bunda kwenye ncha hiyo, kisha vuta ile duara ya kidoleni ipite juu ya ncha. Achia kidole na ukaze kidogo. Hicho ni kitanzi cha pili. Endelea hadi 31.

Kidogo nimesema. Anayekaza sana hapa atateseka safu nzima ya kwanza akitafuta mahali pa kupenyeza sindano. Vitanzi viteleze kwenye sindano kama pete kwenye kidole chenye sabuni.

Kwa nini 31 na siyo 30? Namba witiri itakurahisishia kazi, kwa sababu kila safu itaanza na pleni na kuishia na pleni. Skafu yangu ya kwanza niliianza na vitanzi 32. Nikafuma pleni moja palo moja, kila safu nikianza na pleni, nikijisifu moyoni. Baada ya kiganja kimoja cha urefu nikakunjua na kukuta mistari imesimama wima kama mbavu za mbuzi. Hakuna punje hata moja. Nilikuwa nimefuma pindo la sweta, na sikujua ni kwa nini mpaka nilipojifunza hili la kusoma.

Pleni na palo

Pleni: uzi uko nyuma ya kazi. Penyeza sindano ya kulia ndani ya kitanzi cha kwanza kutoka mbele kwenda nyuma, sindano zifanye msalaba, ya kulia ikiwa nyuma. Zungusha uzi chini ya ncha ya kulia uangukie kati ya sindano mbili. Vuta ncha irudi mbele na uzi huo, kisha telezesha kitanzi cha zamani kitoke kwenye sindano ya kushoto.

Palo: uzi uko mbele. Penyeza sindano ya kulia kutoka kulia kwenda kushoto, safari hii ikae mbele ya ile ya kushoto. Zungusha uzi juu ya ncha ya kulia, ushuke kati ya sindano, urudi mbele. Sukuma ncha irudi nyuma pamoja na uzi, na utelezeshe kitanzi cha zamani.

Kama hujawahi kufuma kabisa, fuma safu 10 za pleni tupu, halafu 10 za palo tupu, kisha fumua zote bila huruma. Mikono inahitaji kuzoea kabla ya macho kuanza kazi.

Sasa tazama ulichofuma. Kitanzi cha pleni, ukikitazama upande uliokifumia, kinaonyesha herufi V, kama kola ya shati iliyo wazi. Kitanzi cha palo kimevaa ushanga shingoni, uvimbe mdogo uliolala chini kidogo ya sindano. Huo ndio punje. Ukigeuza kazi, V inakuwa punje na punje inakuwa V. Pleni na palo si mishono miwili, ni kitanzi kilekile kilichotazamwa mbele na nyuma.

Safu ya kwanza

Fuma pleni moja. Leta uzi mbele. Fuma palo moja. Rudisha uzi nyuma. Pleni moja, na uendelee hivyo hadi kitanzi cha 31, ambacho ni pleni.

Hapo kwenye kuleta na kurudisha uzi ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Uzi unapita KATI ya sindano mbili, chini ya ncha zake. Haupiti juu ya sindano. Ukiupitisha juu, umezaa kitanzi ambacho hukukipanga, na chini yake kuna tundu. Kitanzi kimoja cha ziada hakionekani. Binti wa jirani alikuja Jumamosi moja na skafu imeshika umbo la sketi.

"Anti, mbona yangu inapanuka na mimi sijaongeza kitu?"

Nikamwambia ahesabu. Vitanzi 44, na alianza na 31. Nikamwomba afume mbele yangu, na kweli, kila mara alipotoka kwenye palo kwenda pleni haraka, uzi ulipanda juu ya sindano kabla ya kurudi nyuma. Tulifumua yote. Alinuna kikombe kizima cha chai, halafu akaanza upya, na ile ya pili ndiyo anayoivaa hadi leo.

Kwa hiyo hesabu vitanzi mwishoni mwa kila safu kwa safu 10 za kwanza. Baada ya hapo, hesabu kila safu ya tano au ukihisi kitu hakiko sawa.

Safu ya pili, na nyingine zote

Geuza kazi, sindano iliyojaa irudi mkono wa kushoto. Usiimbe "pleni, palo". Angalia kitanzi cha kwanza. Kimevaa ushanga, sivyo? Ulikifuma pleni upande ule, kwa hiyo huku kinaonyesha punje. Kifume pleni. Cha pili ni V. Kifume palo. Cha tatu punje, pleni.

Kanuni ni hiyo: fanya kinyume cha unachokiona. Ukiona punje, pleni. Ukiona V, palo. Safu zote za skafu hii ni hivyo, na ndiyo maana punje hazijipangi mstari mmoja bali hupishana kama matofali ukutani.

Baada ya safu 6 weka kazi mezani. Ukiona punje mbili zimepandana, moja juu ya nyingine, hapo ulikosea safu iliyopita: ulifuata badala ya kupinga. Ukiona V mbili zimepandana, ni kosa lilelile.

Fuma sentimita 10, kisha pima. Kwa uzi wa plai 8 na sindano za milimita 4, mikono ya kawaida hutoa vitanzi kama 20 kwa sentimita 10 za upana. Kitambaa cha punje hutanuka kwa upana kuliko kitambaa laini, kwa hiyo usishangae kikipita kidogo. Kama upana wako umefika sentimita 18 na kitambaa kinalegea, badilisha sindano: tumia za milimita 3.75, yaani namba 9 ya zamani. Usijaribu kukaza mikono. Mkono uliokazwa kwa makusudi huchoka baada ya nusu saa na kulegea, na skafu itakuwa na kiuno.

Skafu ya mtoto yenye urefu wa mita 1 itachukua kama safu 350. Zidisha kwa 31, ni vitanzi 10,850. Sikutajii namba hiyo ili uogope. Nakutajia ili ujue kwamba kosa moja kwenye kitanzi kimoja halitaiangusha skafu, na si kila kosa lifumuliwe. Mimi huacha makosa yaliyo nyuma zaidi ya safu 10 kama tundu halipo na hesabu haijabadilika. Jirani yangu hufumua hata kwa punje moja. Skafu zake ni nzuri kuliko zangu, lakini mimi nimemaliza nne wakati yeye yuko kwenye ya kwanza.

Kurekebisha

Kosa la safu hii hii: rudi kitanzi kwa kitanzi. Ingiza sindano ya kushoto kutoka mbele kwenye kitanzi kilicho chini ya kile cha kwanza kwenye sindano ya kulia, chomoa ya kulia, na uvute uzi. Pole pole tu.

Kitanzi kikianguka, kidake kwa pini ya nepi kabla hakijateremka. Kama kimeteremka safu moja au mbili, kipandishe kwa kulabu ya kroshe, ukikumbuka kwamba kinapishana: kikihitaji V, ingiza kulabu kutoka mbele, kikihitaji punje, kutoka nyuma. Zaidi ya safu tatu, fumua hadi hapo. Kupandisha punje kwa kulabu kuna matusi mengi kuliko faida.

Kwa waoga, na mimi nimo, kuna kamba ya kuokoa. Kila baada ya sentimita 10 chukua sindano ya kushonea yenye uzi mwembamba wa rangi tofauti, upitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano yako ya kufumia, halafu endelea kufuma kama kawaida. Ukiharibu mbele, chomoa sindano na ufumue bila hofu. Uzi ule utavishika vitanzi vyote 31 na utavirudisha kwenye sindano kimoja kimoja. Ukimaliza skafu unauvuta unatoka wenyewe.

Bunda likiisha, unganisha jipya mwanzoni mwa safu, siyo katikati. Acha mkia wa sentimita 15 pande zote mbili. Nani alikwambia ufunge fundo? Fundo litakuchokoza shingoni.

Kufunga

Hakikisha umebaki na uzi wa kama sentimita 60, mara nne ya upana. Fuma vitanzi viwili vya kwanza kwa kufuata kanuni ya kinyume, kisha chukua kile cha kwanza kwa ncha ya sindano ya kushoto ukipitishe juu ya cha pili na kukiangusha. Kimebaki kimoja. Fuma kingine, pitisha, angusha. Mwisho kata uzi, upitishe ndani ya kitanzi kilichobaki na uvute. Fanya kwa ulegevu. Ukiogopa mkono wako, sindano ya kulia iwe nene kidogo kuliko ile uliyofumia. Pindo la kufunga likikazwa, mwisho wa skafu hukunjamana kama mdomo wa mfuko wa sukari.

Mikia ya uzi ifiche kwa sindano butu yenye tundu pana, ukipita kati ya punje sentimita 5 kwenda na kidogo kurudi.

Osha kabla ya kuvaa. Kama ni sufu ya kweli, tumia maji vuguvugu na sabuni ya maji, ukandamize bila kusugua, kwa maana joto na msuguano huzishikamanisha nyuzi na skafu ya mtoto itakuwa ya mwanasesere. Usiianike kwenye kamba. Ilaze juu ya taulo kivulini, uinyooshe kwa viganja hadi upana unaoutaka, na uiache ikauke. Akriliki haina maringo hayo majini, lakini pasi ni adui yake: joto huilaza, na punje zako 10,850 zitakuwa bapa daima.

Kanuni hiyohiyo, vitambaa vingine

Sasa unaweza kufuma vitu vitatu zaidi bila kufundishwa upya. Anza safu ya kwanza pleni moja palo moja kama ulivyozoea, kisha kuanzia ya pili *fuata* unachokiona, V kwa pleni na punje kwa palo, safu zote. Hizo ni mbavu, pindo la sweta, lile lililonitokea mimi bila kutaka. Fuata safu moja, pinga inayofuata, fuata, pinga: punje zitakuwa ndefu, mbili mbili, na kitambaa laini zaidi kinachofaa blanketi la mtoto mchanga.

La tatu ni mkeka, na ndilo ninalolipenda. Anzisha vitanzi 35. Safu ya kwanza fuma pleni 5, palo 5, hadi mwisho, uishie na pleni 5. Safu ya pili hadi ya sita fuata unachokiona. Safu ya saba pinga kila kitu: penye V fuma palo, penye punje fuma pleni. Kisha fuata tena safu tano. Kila baada ya safu 6 unapinga mara moja. Visanduku vitaanza kupishana kama miyaa iliyosukwa, kimoja kimezama na kingine kimeinuka, na hapo utahitaji kuhesabu safu, maana macho peke yake yanaweza kukupotezea moja. Mimi huweka punje 6 za mahindi mezani na kula moja kila safu inapoisha. Zikiisha, napinga.